Verna Tollefsen, Mwandishi Aliyehitaji Kubishiwa

Wasikilizaji wapendwa, Verna Tollefsen amefariki dunia. Amefariki Jumanne, hapa hapa Duluth, katika hospitali ile inayotazama ziwa, mumewe Orrin akiwa amemshika mkono. Verna alikuwa mwandishi wa riwaya. Riwaya zake mlizinunua hata kwenye duka la vyakula, kando ya mifuko ya chumvi ya kuyeyushia barafu, na mkazimaliza kabla theluji haijayeyuka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wiki hii nimesikia upuuzi mwingi juu ya marehemu, na leo sina subira nao.

Wanasema darasa la uandishi ndilo lililomfunza. Uongo mtupu! Verna alikaa katika darasa lile miaka na miaka, na hakumaliza hata kitabu kimoja. Narudia: hata kimoja.

Mwalimu wake alikuwa bwana mmoja anayeitwa Prescott Lyle. Bwana huyu alichapisha riwaya moja katika ujana wake, na tangu hapo anaishi kwa kuwafundisha wengine namna ya kuandika ya pili. Aliwaambia wanafunzi waamke kabla ya alfajiri. Verna akaamka, akasinzia juu ya karatasi. Akawaambia waandike kila tukio kwenye kadi na kuzibandika ukutani. Verna akabandika. Dada yake, Solveig, anasema ukuta wa sebule ulijaa mpaka picha ya baba yao ikashushwa.

"Kadi zilikuwa maridadi kweli," Solveig aliniambia. "Rangi kwa rangi. Hadithi ndiyo haikuwepo."

Lakini sheria kubwa ya darasa lile, na ninyi mliowahi kukaa humo mnaijua, ni kunyamaza. Siku kazi yako inapojadiliwa, wewe hufungui mdomo. Wenzako wanaichambua wee mpaka wachoke, halafu wewe unasema asante. Sijui adabu hii ilitoka wapi. Chumba kizima kinapiga domo, na anayefungwa mdomo ni yule mmoja anayeijua hadithi!

Jumamosi moja ikawa zamu ya Verna. Hadithi yake ilikuwa ya mwanamke anayemwacha mumewe kituo cha mafuta na kuondoka na gari. Wakamweka kikaangoni. Mmoja akasema gari ni uhuru. Mwingine akasema hapana, gari ni mama yake. Prescott akafumba macho, akasema petroli ni majonzi. Petroli, wasikilizaji wapendwa! Verna akasema asante.

Akafika nyumbani amefura kwa hasira. Orrin alikuwa jikoni akimenya viazi. Orrin ni fundi wa magari ya kusukuma theluji, na hadithi za kubuni hazimwingii kabisa. Verna akammwagia yote, hata koti hajavua.

"Mjinga huyo mwanamke," Orrin akasema. "Gari kachukua, sawa. Ufunguo wa nyumba anao nani?"

"Anao yeye!"

"Umeandika wapi?"

"Sijaandika! Aliuchomoa mfukoni mwa mumewe asubuhi, jamaa akiwa bafuni."

"Ala! Basi alipanga. Mbona unasema alikurupuka?"

"Nani kasema alikurupuka? Hebu nyamaza, Orrin!"

"Ninyamaze nini, na wewe ndiye umekuja kunipigia kelele? Na mbwa je? Kamwachia nani mbwa?"

Hadithi haikuwa na mbwa. Lakini Verna alipofungua mdomo kumjibu mumewe, alimwona mbwa yule, na jicho lake moja bovu, amelala kiti cha nyuma. Akaona na njia ambayo gari lilifuata. Hapo hapo akaketi mezani, akasukuma maganda ya viazi kando, akaandika.

Hivyo ndivyo alivyojigundua. Jumatatu kadi zote ziliingia motoni. Darasani hakurudi. Tangu siku ile kila riwaya yake ilianza kwa ugomvi na mtu asiyependa riwaya.

"Miaka yote nilitafuta mtu wa kunifundisha," alimwambia Solveig. "Kumbe nilihitaji mtu wa kunikera."

Jana tulimzika. Baadaye, katika ukumbi ulio chini ya kanisa, watu wakila mikate ya nyama na kunywa kahawa, Prescott Lyle akasimama, sahani imejaa, akatangaza darasa jipya. Linaitwa Njia ya Verna. Wanafunzi watakaa wawili wawili, wabishane huku wakimenya viazi. Ada hulipwa kabla. Niliona haya kwa niaba yake, maana yeye hana.

Hakuridhika. Riwaya ya mwisho ya Verna imebaki bila sura ya mwisho, naye Prescott akamfuata Orrin.

"Bwana Orrin, pole sana. Najua alikusimulia mwisho. Niambie tu, nitauandika kwa heshima zote."

"Shemeji, usimjibu huyu," Solveig akasema.

Orrin akaweka kikombe chini. "Alinisimulia. Jumapili, hospitalini."

Prescott akatoa kalamu.

"Nikamwambia haufai. Nikamwambia mtu hafanyi hivyo. Akanitukana, akasema ngoja nifikiri, nitakujibu." Orrin akakishika tena kikombe. "Hajanijibu."

Kitabu kitatoka kama kilivyo, bila mwisho. Orrin hatamwambia mtu yeyote kile alichokisikia, kwa sababu Verna mwenyewe alikuwa bado hajaukubali mwisho huo.

Ninyi mnaoandika, tafakarini. Msinunue viazi. Njia ya Verna ilikuwa yake. Yenu iko mahali fulani penye aibu, mahali ambapo hakuna mwalimu ambaye angewatuma, na mtaifikia wenyewe au hamtaifikia.

Solveig, na familia yote ya Tollefsen, poleni sana. Tulimpenda, na inauma.

Orrin, kama unanisikia, pole, ndugu yetu. Ulimbishia vizuri.