Portbagaji ya Byamungu

Tangu pikapu iondoke Sake, kona ya portbagaji, chuma cha kubebea mzigo nyuma ya pikipiki, ilikuwa ikimdunga Mama Brigitte gotini. Mwenye nayo, mkulima aitwaye Byamungu, aliishika kwa mikono miwili nyuma ya pikapu, rangi yake bado ikinuka.

"Kesho njo nitaifunga kwa pikipiki," alimwambia Papa Habumugisha, mfugaji aliyekaa mbele yake. "Nitabeba bidoni mbili za maziwa."

Mzee akagusa chuma cha chini, kile kitakachokaa juu ya tairi. "Hii itapita juu ya pineu?"

"Vidole ine juu yake. Nilipima na kamba, mimi mwenyewe."

"Pikipiki ilikuwa na muzigo?"

"Muzigo gani, Papa? Ilikuwa imesimama tu kwa nyumba."

"Basi ukiweka maziwa, resori, zile springi, zitashuka, chuma itakamata pineu. Utaanguka mu muteremuko."

"Sudera mwenye aliunga hii chuma iko muntu wa kazi. Angeniambia."

"Sudera aliona kamba yako. Pikipiki hakuiona."

"Papa, weye unajua ngombe. Wacha pikipiki."

Mama Brigitte, ambaye hana ng'ombe wala pikipiki, aliliombea goti lake. Kwenye kila shimo, pineu ya nyuma ilikwaruza bodi ya pikapu, na wale wawili wakapaza sauti ili wasikilizane.

Kirolirwe pikapu ikasimama. Watu kumi na watano wakashuka na magunia yao ya maharagwe, bodi ikainuka. Byamungu alishuka wa mwisho, akiwa bado anabisha. Mama Brigitte alimwona akichuchumaa kando ya ile pineu, akaingiza vidole vinne kati yake na bodi. Kisha akaingiza mkono mzima.