Benchi la Mzee Shuaibu Pale Chalinze

Karibuni tukae, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Shuaibu Kombo, dalali wa mizigo wa Chalinze. Mzee Shuaibu alifariki wiki tatu zilizopita, kwao Dunda, Bagamoyo, akiwa na miaka sitini na tisa. Aliyetuletea habari zake si mkewe wala wanawe. Ni mpwa wake, Naila, aliyekuja hapa studio kwa miguu yake akasema, "Semeni yote. Na jina langu mlitaje." Basi tunalitaja.

Dalali wa mizigo ni nani? Lori limeshusha saruji, dereva hataki kurudi mtupu. Mkulima wa Kiwangwa ana mananasi yanaiva shambani na gari hana. Aliyewakutanisha hao, miaka thelathini na moja, ni Shuaibu. Benchi lake lilikuwa kando ya banda la fundi pancha, na juu yake chupa ya chai na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Mzigo kwa simu hakutoa, hata ungemlilia. Sharti dereva ashuke, akae, anywe chai, na Shuaibu amtazame macho. Yakiwa mekundu anamwambia, "Nenda kalale. Mananasi yatakungoja." Dereva ananuna weee, halafu analala.

Sasa Naila. Miaka minne iliyopita alikuwa ameajiriwa Dar es Salaam, kwenye kampuni iliyokuwa ikitengeneza programu ya simu. Programu hiyo ingemkutanisha mwenye mzigo na mwenye lori pasipo dalali katikati. Pasipo dalali, wasikilizaji wapendwa, lishikeni hilo. Wakubwa wake walitaka kujua madalali wanajua nini. Naila akanyoosha mkono, akasema, "Mimi nina mjomba."

Akaenda Chalinze.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Leo umenikumbuka?"

"Nimekuja kujifunza kazi yako."

Hakusema uongo, ila nusu ya maneno aliimeza. Na Shuaibu, ambaye wanawe walishalikataa lile benchi, alifurahi mpaka akamnunulia Naila daftari jipya. Kila dereva aliyekuja aliambiwa, "Huyu mpwa wangu. Nikichoka mimi, mtakaa naye yeye."

Wiki tatu alimfundisha. Njia ipi haipitiki masika. Tajiri yupi hukawia kupakia. Dereva yupi ana mama mgonjwa Korogwe, kwa hiyo mzigo wa Tanga mpe yeye. Naila akaandika yote, na kila jioni akayatuma Dar. Tulimuuliza kama hakutaka kumwambia mzee ukweli. "Kila asubuhi nilisema leo namwambia," alijibu. "Halafu ananimiminia chai."

Programu ikatoka. Vijana wenye fulana mpya wakaweka meza pale pale Chalinze. Madereva hawakuwaamini, wakaenda kwenye benchi kumuuliza Shuaibu kama kitu chenyewe ni cha kweli.

"Cha nani?" aliuliza.

"Wanasema cha akina Naila, mpwa wako."

Shuaibu akaifunga chupa ya chai, akawaongoza yeye mwenyewe mpaka mezani. "Jiandikisheni," aliwaambia. "Hii kazi ya mwanangu."

Masika yanaisha, benchini kabaki Shuaibu peke yake. Mzigo unaingia kwenye simu, dereva anapita bila kushuka. Macho yake hakuna anayeyatazama.

Mwaka jana Naila alipanda basi kwenda Morogoro kikazi. Basi likasimama Chalinze. Akamwona mjomba wake, peke yake, kofia kichwani, daftari mapajani. Hatua ishirini tu. Naila akavuta ushungi usoni, akainama kama anayetafuta kitu sakafuni, mpaka basi likaondoka. Alipotusimulia hapo hakututazama. "Niliona aibu," alisema. "Na naona aibu mpaka sasa."

Baadaye Shuaibu alirudi Dunda, akaugua, akafariki. Naila alikuwa bado anajipanga kwenda kumwomba radhi.

Siku ya mazishi alikaa mkekani na wanawake. Mjane, Bi Mwanajuma, akamshika mkono. "Mjomba wako alikuona siku ile kwenye basi," alimwambia. "Alikuja akaniambia, 'Naila nimemwona leo, kanenepa kidogo. Alikuwa na haraka ya kazi.'"

Wakati huo huo, nje, jeneza lilikuwa limewekwa mbele ya watu. Shekhe akasema, kama ilivyo ada, "Kama marehemu alimkosea mtu yeyote, tunaomba amsamehe." Wanaume wakaitikia, "Tumemsamehe." Naila alisubiri. Alisubiri waulize pia kama yupo aliyemkosea marehemu. Swali hilo halikuulizwa, maana wa kulijibu alikuwa ndani ya jeneza. Wakambeba.

Bi Mwanajuma, wanawe, na ndugu wote wa Dunda, poleni sana. Nanyi madereva mliokunywa ile chai, poleni. Mungu amlaze Mzee Shuaibu mahali pema.

Na wewe unayetusikiliza, labda uko garini muda huu. Labda iko njia unayoipita ukiwa umeinamisha kichwa, kwa sababu ya mtu mmoja aliyekaa pale. Usingoje kujipanga. Mwambie dereva asimame, ushuke, umpe shikamoo yake. Naila alikuwa na hatua ishirini.