Ng'ombe Wangu Amelala kwa Jirani

Hamjambo, watu wa Shamba la Maji? Hamjambo, watu wa Shamba la Josho? Na nyinyi wa Shamba la Barabara, mko?

Mmejisikia? Nimeita shamba moja moja, na kila mara mmeitika wote. Miaka ile ya mwanzo ningeita hivyo, nusu yenu mngeondoka. Asanteni. Mwenyekiti ameniambia niongee kidogo tu kabla ya chakula, na nyama naisikia harufu hata mimi, kwa hivyo nitajaribu. Lakini mnanijua.

Sitataja mtu jina. Wahusika wako hapa, na wawili tayari wameanza kuangalia viatu vyao.

Ndugu zangu, nawaambia hivi kwa sababu vijana wakiona zahanati hii tunayofungua leo, watafikiri tulizaliwa tukipendana. Sivyo. Ardhi hii yote, kutoka kule chemchemi mpaka barabara ya Moiben, ilikuwa ya mzungu mmoja. Uhuru ulipokuja akauza, tukanunua, makundi matatu. Sisi tuliotoka Mkoa wa Kati tulikuwa kundi moja, wenyeji wa hapa kundi lingine, na kundi la tatu lilikuwa mchanganyiko wa watu waliokuwa wamefanya kazi kwa mzungu huyo huyo. Mume wangu alikuwa mmoja wa wale waliopima mpaka wetu kwa kamba. Siku ile alirudi nyumbani anaimba.

Sasa sikilizeni kosa letu. Mzungu alijenga vitu vyake kwa ajili ya shamba moja zima. Injini ya kuvuta maji aliiweka juu, kwenye chemchemi. Josho la kuogesha ng'ombe akalijenga katikati, na bomba likapita chini ya ardhi kuleta maji kwenye josho. Barabara ya lori ya maziwa ikapita chini. Sisi tukaja tukagawana kama watu wanaogawana mbuzi: wewe chukua kichwa, mimi mguu, yule mbavu. Mbuzi unaweza kumgawa, kwa sababu amekufa. Shamba lilikuwa hai.

Wa juu wakasema maji ni yao, wakafunga bomba kwa kufuli. Sisi tukasema josho ni letu, tukaweka geti na askari. Wa chini nao wakaweka gogo katikati ya barabara, eti lori ya maziwa ni ya wanachama wao peke yao. Kila shamba likawa na kamati, na kila kamati ikawa na mwenyekiti mwenye koti. Fahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tulikuwa na fahali watatu!

Mnacheka. Wakati huo hatukucheka.

Josho bila maji ni shimo tu. Wanaume wetu walibeba maji ya mto kwa mapipa, kwa mkokoteni wa maksai, lakini josho lile linameza maji. Likawa nusu, dawa ikawa hafifu, ng'ombe wanatoka humo na kupe wao wakiwa wameoga vizuri. Homa ya kupe ikaingia. Wafugaji mnaijua: tezi zinavimba chini ya masikio, ng'ombe anaacha kula, anakohoa, anasimama mbali na wenzake, halafu anaanguka. Kupe hajui mpaka. Ng'ombe walikufa kwetu, wakafa kwa Maji, wakafa kwa Barabara, na kila shamba likasema ugonjwa umetoka kwa jirani.

Mwaka huo mume wangu akaugua kifua. Tulimbeba kwenye mkokoteni ule ule wa mapipa kumpeleka barabarani, tupate gari la kwenda Eldoret. Tulipofika kwenye gogo, mwenye kulifungua hakuwepo. Tukazunguka kwa njia ya bonde. Alifika hospitalini akiwa hai, lakini hakurudi. Sisemi gogo lilimuua. Daktari alisema ni kifua. Ila nawaambia ukweli, nililichukia lile gogo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Nikabaki na watoto na ng'ombe. Halafu ng'ombe wakaanza kwisha, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikabaki na mtamba mmoja mwekundu mwenye mimba yake ya kwanza. Huyo ndiye alikuwa chakula chetu cha kesho. Akifa, hakuna maziwa, hakuna shule, hakuna sababu ya kukaa huku. Niliacha kwenda mikutano, na kanisani pia. Nilikuwa nakaa mlangoni namwangalia mtamba masikio, kama mama anayemwangalia mtoto mwenye homa.

Wenyeviti wetu, kwani walikuwa wamelala? Hapana. Walikwenda Eldoret, kwenye ofisi ya mifugo, kuomba serikali ijenge josho. Kila mmoja alikwenda kwa siri yake. Wakakutana kwenye benchi moja, wote watatu, wamevaa makoti, kila mmoja anaomba josho la shamba lake! Yule ofisa aliwasikiliza, akauliza, "Wazee, hayo mashamba yenu yako umbali gani?" Kila mmoja akaanza kufunga vifungo vya koti. Akawaambia, "Rudini nyumbani mkaongee. Serikali haina dawa ya kumwaga kwenye mashimo matatu." Wakarudi na basi moja, kila mmoja kiti chake, wakiangalia nje kupitia madirisha.

Mimi nikaamua kumuuza mtamba na kurudi kwa kaka zangu. Nilikwenda Moiben kusaga mahindi, na nia yangu ilikuwa nimtafute mnunuzi hapo hapo. Kwenye foleni ya kinu nikajikuta karibu na mama mmoja wa Shamba la Maji. Tulijuana kwa macho tu. Akaniuliza, "Mama, mbona umekonda hivi?" Sijui kwa nini, lakini swali lile lilinitoa machozi mbele ya watu wote. Nikamwambia kila kitu.

Akasema, "Hata mimi wangu wamekufa. Watoto wanakunywa chai ya rangi. Zamani kwetu mtu mwenye akili hakuweka ng'ombe wote boma moja. Alipeleka mmoja kwa rafiki huku, mwingine kule. Rafiki anakamua maziwa anakunywa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ugonjwa ukija, haukumalizi."

Nikamwambia, "Basi mchukue wangu."

Akanishangaa. "Wewe si mtu wa kwetu, Mama."

"Na kupe, wanauliza mtu ni wa wapi?"

Alicheka mpaka akashika mfuko wake wa mahindi. Kisha akaacha kucheka, akaniambia pole pole, "Ukinipa, ujue ni kitu kizito. Ng'ombe wa rafiki hafi mkononi mwako hivi hivi. Akifa kwa uzembe, hakuna mtu atakupa mwingine tena, na watoto wako watachekwa."

Nikasema, "Uzito huo ndio nautaka."

Nilimpeleka mtamba mwenyewe. Watu wetu wa Josho waliniambia nimerukwa na akili. "Umempa nani? Wale? Huyo humwoni tena!" Siwadanganyi, niliporudi na kamba tupu mkononi, niliogopa kwamba wamesema kweli. Sikulala vizuri.

Juma lililofuata rafiki yangu akaja getini kwetu akimwongoza mtamba kuogeshwa. Askari akasema, "Ng'ombe wa Maji haingii." Nikatoka mbio na aproni yangu. "Huyo ni wangu! Mimi ni mwanachama!" Askari akakuna kichwa, maana sheria haikuwa imefikiria ng'ombe wa Josho anayelala Maji. Akafungua. Rafiki yangu akachungulia ndani ya josho, akaona matope.  Alimgeuza mtamba akarudi naye bila kumwogesha.

Sasa lazima niwaambie, mume wa rafiki yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Maji, mwenye ufunguo wa kufuli. Huyo ni mmoja wa wenye kuangalia viatu. Pole, Mzee, nimekuahidi sitakutaja. Mkewe alifika nyumbani akamwambia, "Mzee, huyu ng'ombe wa rafiki yangu akifa kwa sababu ya kufuli yako, wewe ndiye utaenda kumwambia. Na utaenda kwa miguu, mchana, watu wakiona."

Siku kadhaa zikapita. Sisi hatukujua lolote. Halafu asubuhi moja, nikiwa nafagia uwanja, nikasikia kitu kinakohoa kule josho. Nikafikiri ni ng'ombe mgonjwa. Lilikuwa bomba! Likakohoa upepo, likatema maji mekundu ya kutu, halafu maji meupe yakaja kwa nguvu. Watoto walipiga kelele, mama mmoja akapiga vigelegele akiwa bado ameshika mwiko. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye nyasi mbichi nikalia, na kilio hicho kilikuwa kitamu.

Baada ya hapo nani angewazuia akina mama? Huyu akapeleka ng'ombe kwa yule, yule kwa huyu. Kabla mahindi hayajachanua, hakukuwa na boma lisilo na ng'ombe wa mtu mwingine. Ukitaka kumnyima jirani maji, unamnyima ng'ombe wako mwenyewe. Hata mama mzazi wa mwenyekiti wa Barabara aliniletea ng'ombe wake mweusi. Siku moja alipokuwa anakuja kumwona, akakuta gogo la mwanawe limefungwa. Nyanya yule alikaa juu ya gogo, akawasha kiko chake, akasema hatoki hapo mpaka huyo mtoto wake aje aliondoe. Lile gogo lilipasuliwa kuni siku hiyo hiyo.

Wazee wakakaa kikao kimoja. Wakakubaliana kila shamba liwe na siku yake ya kuogesha, kila boma litoe mchango wake wa mafuta ya injini, na vijana wa mashamba yote wamwage kokoto barabarani kwa zamu. Wakarudi Eldoret wakakaa benchi lile lile. Wanasema yule ofisa alipowaona aliangalia mlango wa nyuma! Lakini safari hii walisema neno moja. Serikali ikatoa dawa na bwana mifugo, sisi tukatoa maji na mikono. Kutoka josho tukaja kujenga kinu chetu wenyewe, na kutoka kinu tumefika hapa, kwenye stoo ya mzungu ambayo leo ina kitanda cha mgonjwa. Mgonjwa wa shamba lolote akiletwa kwa mkokoteni, njia iko wazi. Laiti mume wangu angeiona.

Nawashukuru nyote. Namshukuru askari aliyekuna kichwa akafungua. Namshukuru nyanya wa kiko, Mungu amlaze pema. Na wewe, rafiki yangu, simama watu wakuone. Usifiche uso! Huyu alipewa ng'ombe na mgeni, akamlinda kuliko wake. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nasema siku ile tulipona wote wawili.

Somo langu ni fupi, naona sahani zinapangwa. Usimwombe jirani akupende. Weka kitu chako cha thamani mkononi mwake, na wewe upokee chake.

Mtamba wangu alizaa salama, ndama jike, halafu mwingine na mwingine. Leo nina boma limejaa, watoto wamesoma. Amezeeka sasa, na watu huniuliza mbona simrudishi nyumbani, siku hizi josho lipo na maji yapo. Rafiki yangu mwenyewe ameniuliza. Nimemjibu na ninawajibu nyote: usiku wa leo ng'ombe wangu mwekundu atalala Shamba la Maji, na kesho pia. Huko ndiko kwao.