Mkono Ulioshika Bahasha

GERISHOM: Haloo, dukani kwa Manilal hapa. Nani mwenzangu?

JEDIDA: Mwenzako wa ndoa. Siku hizi mpaka simu ya duka la watu unapokea wewe?

GERISHOM: Mama Easter! Manilal yuko mbele, anampimia mtu misumari. Iliita sana, ndiyo nikaona— Hamjambo huko?

JEDIDA: Hatujambo. Easter anakohoa kidogo, si kitu. Niko Kilifi, kwenye kibanda cha simu hapa nje ya posta, na sarafu ni chache, kwa hivyo usinizungushe. Mzee Dzombo yuko hapa nami.

GERISHOM: Mwenye chumba? Mpe shikamoo yangu.

JEDIDA: Hataki shikamoo, anataka neno. Ufunguo ninao mkononi, Baba Easter. Chumba nimeshakifagia. Nimeng'oa hata misumari ya yule kinyozi aliyetoka. Dirisha linatazama stendi, kila atakayeshuka na redio mbovu au taipureta atakuona. Lakini kuna fundi cherehani wa Mtwapa anakitaka, na amekuja na kodi mkononi. Mzee anasema sisi kwanza, kwa kuwa tulianza sisi. Ila sasa hivi. Umemwambia Manilal?

GERISHOM: Nimemwambia.

JEDIDA: Umemwambia kweli, au umemwambia moyoni kama Jumamosi iliyopita?

GERISHOM: Kwa mdomo. Asubuhi. Nimesema, Manilal, mimi naacha kazi ya hoteli, nafungua mahali pa ufundi Kilifi, nikae na mke wangu na mtoto. Kwa hivyo kuanzia leo, kompyuta yako nikiigusa ni kazi ya kulipwa.

JEDIDA: Akasema?

GERISHOM: Alifungua droo akatoa bahasha. Amesema ni ya kazi zote, za nyuma na hii ya leo. Ameiweka hapa juu ya kompyuta.

JEDIDA: Inatosha kodi?

GERISHOM: Inatosha na kubaki.

JEDIDA: Bwana asifiwe! Mzee! Mzee Dzombo, ipo! — Anacheka, Baba Easter. Anasema karibu. Sasa mbona sauti yako kama ya mtu aliyefiwa?

GERISHOM: Ameniita fundi.

JEDIDA: Nani?

GERISHOM: Manilal. Alipoiweka alisema, "Haya, fundi."

JEDIDA: Na wewe ni nani, daktari?

GERISHOM: Miaka miwili ananiita bhai. Geri bhai njoo ule, Geri bhai kaa tucheze karata. Leo, "Haya, fundi." Na hakunitazama.

JEDIDA: Bhai, bhai! Hao ndugu zako, mashine zao zinaugua kila Jumamosi tu, siku ambayo wewe unatakiwa uwe nyumbani Tezo. Leo ya Manilal, wiki ijayo ya Lakhamshi, ya tatu ya shemeji yake Lakhamshi. Hakuna hata mmoja aliyekuandika kazi, ndiyo maana huwezi hata kuiacha! Juzi Easter ameniuliza, "Baba akija atalala, au atarudi?" Kama anauliza habari za mgeni.

GERISHOM: Punguza sauti, atasikia.

JEDIDA: Na asikie! Nimechoka kuolewa na—

GERISHOM: Ndiyo, ndiyo, mama hajambo kabisa! Anawasalimu sana!

JEDIDA: Mama yupi? Wangu au wako?

GERISHOM: [sauti ya chini] Alipita. Amechukua karatasi za kufungia, amerudi mbele. Endelea.

JEDIDA: Mtu mzima, unajificha kwenye simu kama mwizi wa kuku. Sikiliza. Mashine imekwisha?

GERISHOM: Imekwisha. Mjusi kafiri aliingia kwa nyuma akafia kwenye umeme. Nimemtoa, nimepangusa pia chumvi ya upepo huu wa bahari, inawaka vizuri.

JEDIDA: Basi tia bahasha mfukoni, aga, toka.

GERISHOM: Siwezi. Manjula anakuja.

JEDIDA: Mkewe? Anakuja akufanye nini?

GERISHOM: Namsikia anajitayarisha huko juu. Mama Easter, leo ni ile siku.

JEDIDA: Siku gani tena?

GERISHOM: Unaukumbuka ule uzi mwekundu niliokuja nao mkononi mwaka jana?

JEDIDA: Niliotaka kuukata kwa wembe, ukanizuia. Nilidhani umepita kwa mganga. Si ulisema ni asante ya kompyuta?

GERISHOM: Ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nimemaliza kuitengeneza, akaja akanifunga, nikaona ndiyo namna yao ya kushukuru. Kumbe ni siku yao, wanaiita rakhi. Dada anamfunga kaka uzi. Juzi ndipo Lakhamshi aliponieleza, kicheko hana mbavu. Ukishafungwa, wewe ni kaka yake. Na kaka humpa dada zawadi hapo hapo, mkononi. Mimi nilifungwa, nikala zile tamutamu zao, ladu zote za sahani, nikapangusa mdomo, nikaondoka.

JEDIDA: Hukumpa kitu?

GERISHOM: Hata kibiriti. Na hakusema neno. [laini inakwaruza]

JEDIDA: Kwani hana kaka wa kuzaliwa naye?

GERISHOM: Alikuwa na mmoja. Alihamia Uingereza.

JEDIDA: Pole yake. Nasema kweli, pole yake. Lakini hukujua. Mtu hafanywi ndugu bila mwenyewe kujua.

GERISHOM: Sasa najua. Na kaka halipwi, Mama Easter. Nikifungwa leo, ile bahasha nitaichukua kwa uso gani?

JEDIDA: Kwa huo huo ulio nao, kabla hajashuka! Iko mbele yako?

GERISHOM: Iko.

JEDIDA: Nyoosha mkono.

GERISHOM: Jedida—

JEDIDA: Usiniite Jedida. Mzee wa watu amesimama juani ananitazama. Nyoosha mkono, Gerishom. [sarafu inaanguka] Hiyo ni ya mwisho. Umeishika?

GERISHOM: Nimeishika.

JEDIDA: Tia mfukoni.

GERISHOM: Ngazi inalia. Anashuka.

JEDIDA: Ndiyo nasema tia mfuko—

GERISHOM: Karibu, Manjula, karibu. Naongea na nyumbani.

JEDIDA: Umeitia?

GERISHOM: Ndiyo, na Easter hajambo—

JEDIDA: Usinijibu mambo ya Easter! Umeitia mfukoni?

GERISHOM: [sauti ya chini] Iko mkononi. Amesimama mbele yangu na sahani. Amevaa sari mpya. Anasema nimpe mkono wa kulia.

JEDIDA: Usimpe! Mwambie ni simu ya mbali, asubiri.

GERISHOM: Nimemwambia. Anasema niongee tu, yeye anahitaji mkono mmoja.

JEDIDA: Basi mpe wa kushoto.

GERISHOM: Wa kushoto una simu. Wa kulia una— Ah. Ah, Mama Easter.

JEDIDA: Nini?

GERISHOM: Ameiona.

JEDIDA: Ameona bahasha?

GERISHOM: Ameweka sahani chini.

JEDIDA: Amekasirika. Afadhali! Akikasirika yamekwisha.

GERISHOM: Analia.

JEDIDA: Analia nini?

GERISHOM: Anasema... [laini inakwaruza] ...anasema, "Mwaka huu umekumbuka."

JEDIDA: Umekumbuka ni— La. La, la, la. Mwambie si yake.

GERISHOM: Anapangusa machozi.

JEDIDA: Gerishom! Mwambie ni hela za mumewe, ni jasho lako, ni kodi ya chumba! Mwambie!

GERISHOM: Anasema tangu kaka yake aondoke hajawahi kupewa.

JEDIDA: Mpe simu nimwambie mimi.

GERISHOM: Ameshaichukua. Ameigusisha kwenye paji la uso. Sasa ananifunga.

JEDIDA: [mlio] Inalia, inakatika— Asante Mzee. Mzee ameniongezea sarafu yake. Yake, Baba Easter! Na Manilal yuko wapi? Hazioni hela zake?

GERISHOM: Yuko mlangoni, na misumari yake mkononi.

JEDIDA: Anasemaje?

GERISHOM: Ananitazama. Anangoja niseme mimi.

JEDIDA: Basi sema! Neno moja tu, Manilal anajua kila kitu, yuko hapo hapo, sema!

GERISHOM: [ameibana simu kifuani; sauti hazisikiki]

JEDIDA: Umesema?

GERISHOM: Nimesema, "Asante, dada."

JEDIDA: [kimya]

GERISHOM: Mama Easter? Uko?

JEDIDA: Niko. Nitakwenda wapi?

GERISHOM: Usiseme hivyo.

JEDIDA: Mzee amenyoosha mkono.

GERISHOM: Anataka sarafu yake?

JEDIDA: Anataka ufunguo wake. Amesikia yote, si kiziwi.

GERISHOM: Mwombe mpaka Jumatatu. Nitaomba hotelini, watanikopesha, mwambie—

JEDIDA: Yule wa cherehani amesimama pembeni yake. Haya, nimempa Mzee. Nimempa mwenyewe kwa mkono wangu. Nilikuwa nimeshatundika pazia, Baba Easter. Ile leso yangu ya harusi. Sasa niende nikaitoe, na yeye akinitazama.

GERISHOM: Nisamehe.

JEDIDA: Nina hasira nawe. Na sitaki ukae huko dakika nyingine. Njoo nyumbani.

GERISHOM: Nakuja leo leo. Natoka sasa hivi, nikikosa gari nitakuja hata kwa lori la mkaa. Nitalala. Mwambie Easter nitalala.

JEDIDA: Nikimwambia halafu usije?

GERISHOM: Nakuja, haki ya Mungu. Ngoja kidogo. — Naam, Manilal?

JEDIDA: Usimsikilize. Aga tu.

GERISHOM: Ameniita Geri bhai.

JEDIDA: [mlio] Halafu?

GERISHOM: Amecheka, amenishika bega. Amesema Geri bhai—

JEDIDA: Halafu amesemaje, Gerishom? Inakatika!

GERISHOM: Ya Lakhamshi imezima tangu jana. Wameileta, iko huko mbele juu ya magunia. Anasema niitupie jicho tu kabla sijaondoka.

JEDIDA: Usiiguse. Sikia, usii—

GERISHOM: Haloo? Mama Easter? Haloo? — Ndiyo, imekatika. Hawajambo wote, wanawasalimu. Haya, bhai, ilete. Iweke hapa.