Miwani ya Mkubwa

Wanajumuiya wenzangu, wazee wangu shikamooni. Mkiniona napiga miayo msinihukumu, nimetoka zamu sasa hivi, hata nyumbani Mkolani sijafika. Lakini niliahidi kusema, acha niseme.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kwetu kulikuwa na miwani moja tu ya kukinga macho, na aliyevaa ni mkubwa. Hakuna aliyetuandikia hivyo. Ni kama firigisi ya kuku: nani hapa alikula firigisi mbele ya baba yake? Mimi mwenyewe nilikuwa nampelekea daktari wetu mzee, "Shikamoo, miwani yako hii hapa," halafu nashika bomba la kuoshea kidonda, macho wazi.

Siku hiyo tulikuwa tunaosha mguu wa mtu, umejaa usaha na mchanga wa ziwani. Nikasukuma maji, yakagonga mfupa, yakanirudia jichoni. Mama wee! Mwenzangu akanikokota hadi kwenye sinki, akaniosha jicho muda mrefu. Majibu ya mgonjwa siwaambii, ni siri yake. Ila nilianzishiwa dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI, mwezi mzima.

Ndugu zangu, nawaambia, nilichoka. Kichefuchefu asubuhi, jioni woga wa vipimo. Mimi na mume wangu tukalala kama kaka na dada. Ee, chekeni tu, sisi tulikuwa tunalia. Mwanangu akija kunibusu namkwepa, na muuguzi mzima najua busu haliambukizi.

Niliporudi kazini, kidonda cha kwanza tu nikashika bomba lile lile, macho wazi. Nikampa daktari miwani kama kawaida. Akanivisha mimi.

"Siwezi, daktari. Wewe ni kama baba yangu."

"Basi baba yako anakuamuru uvae. Mimi nitasogea nyuma."

Nikalia humo humo ndani ya miwani, ikajaa ukungu, ikabidi wanisubiri kwanza.

Vipimo vya mwisho vimetoka. Niko salama. Asante Mungu, asante mume wangu. Na wewe jirani uliyehamishia jiko lako la dagaa nyuma ya nyumba kwa ajili ya tumbo langu, sikutaji, unajijua.

Miwani imeongezeka kidogo, haijatosha, na uchovu bado ninao. Ila nimejifunza hili. Firigisi endeleeni kumpa mzee. Miwani mpeni anayerukiwa na maji.

Naomba nikae.