Shabaha ya Saba, Shabaha ya Nane

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu yetu ya kulenga shabaha, Mama Escolástica Montaño, Padri Anselmo, uliyekibariki chakula, ndugu wanachama na wageni waalikwa mliokuja kutoka Mora na Raton, vijana wenzangu, na wewe, Don Prudencio Leyba, unayestaafu leo, ambaye kwa ajili yako tumeziacha bunduki kabatini Jumamosi ambayo upepo, kwa mara ya kwanza mwaka huu, umetulia: nawasalimu nyote.

Naitwa Delfina Maestas. Mnisamehe nikisoma kwenye karatasi bila kuinua macho. Shuleni nafundishwa kwa lugha mbili, na nimejifunza kunyamaza kwa zote mbili.

Kabla sijamsifu mtu, nina jambo la kukiri, na mpaka asubuhi ya leo sikuwa nimelisema kwa yeyote. Kikombe cha vijana cha Septemba iliyopita, kile mlichonipigia makofi mpaka nikajificha nyuma ya gari la baba, si changu. Nimekaa nacho miezi minane juu ya kabati, nimekigeuza maandishi yaangalie ukuta, na sikumwambia mama, wala sikukitaja kwenye kitubio. Samahani, Padri.

Nitaeleza. Lakini siwezi kueleza bila kuanza na Don Prudencio, kwa sababu kila nilichokosea siku ile, yeye alikuwa amenifundisha nisikikosee.

Nilikuja hapa nina miaka kumi na mitatu, nikitaka kulala kifudifudi na kupiga kama wakubwa. Don Prudencio hakunipa bunduki. Alinipeleka handakini, chini ya shabaha, ambako amekuwa mkuu kwa miaka thelathini na mmoja, risasi zikipasua hewa juu ya vichwa vyetu. Akanipa gundi na viraka vya karatasi. Akanionyesha namna ya kushusha fremu, kutafuta tundu jipya, kuziba la zamani, kuweka alama, kupandisha. Nikamuuliza nitapiga lini.

Akasema, "Binti yangu, mwenzako yuko yadi mia sita kule. Tundu la risasi yake halioni hata kwa darubini. Wewe ndiye macho yake. Ukimdanganya, amekuwa kipofu. Haya, bandika."

Nilibandika viraka msimu mzima. Je, kuna mtu chini ya paa hili ambaye hakubandikishwa viraka na mzee huyu? Hata wewe, Mama Mwenyekiti, nasikia ulibandika ukiwa na mimba ya miezi saba.

Nyote mnajua habari ya mwaka tisini na tatu, lakini nitaisema kwa ajili ya wageni. Mashindano ya jimbo, risasi ya mwisho, Don Prudencio anaongoza. Akapiga shabaha ya jirani. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu, na hakuna aliyejua. Yeye akanyanyuka mwenyewe, akasema, "Ile ni yangu. Niandikieni sifuri." Akawa wa nne. Na ninyi, badala ya kumheshimu, mmemtania miaka yote hii: "Don Prudencio, leo unapiga ya nani?" Naye hujibu, "Ya mama yako, lete chakula."

Tangu siku ile akawa na desturi yake. Kabla ya kila risasi, hutamka namba ya shabaha yake kwa sauti. "Kumi na mbili." Pumzi. "Kumi na mbili." Ndipo hugusa kifyatulio. Alitufundisha vijana wote tufanye hivyo. Wenzangu walifanya. Mimi niliona haya. Kusema peke yangu, kwa sauti, watu wakinisikia? Nilikuwa naitamka moyoni, na siku nyingine nasahau hata moyoni.

Sasa, Septemba. Mimi niko shabaha ya saba, Ignacia Baca ya nane, Bwana Wilfredo Ulibarrí ya tisa. Nimebakiza risasi moja. Upepo ukageuka, joto likawa linachezesha shabaha kama ziko chini ya maji, nikasogeza bunduki kidogo nikingoja litulie. Nikapiga. Joto lilipotulia, chini ya shabaha niliyokuwa naitazama niliona kibao cha namba nane.

Ya nane ikashuka. Ignacia akapaza sauti, "Jamani, mimi sijapiga!"

Msimamizi akauliza, "Nani kapiga nane?"

Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka. Lakini Bwana Wilfredo naye alikuwa amepiga muda uleule, na risasi yake upepo uliitupa mchangani, shabaha yake ikabaki safi. Kila mtu akamgeukia. "Ni Wilfredo! Mzee, vaa miwani!" Naye akasema, "Mimi? Haki ya Mungu nimepiga yangu, nimekosa tu!" Nani alimsikiliza? Mpaka leo mnamwita Nane. Hata kwenye keki yake ya kuzaliwa mliandika Nane.

Kisha mwandishi wa alama zangu akapiga simu handakini: ya saba haijashuka, iangalieni. Ikashuka. Ikakaa. Ikapanda ikiwa na alama katikati kabisa. Kumi.

Nilijua si yangu. Sikusema. Nilipata mia na tisini na moja, Ignacia mia na themanini na saba. Ondoeni ile kumi mwone nani alistahili kikombe, na nani alistahili nafasi moja ya kijana wa jimbo letu kwenda mashindano ya taifa mwezi Julai.

Na nani alikuwa anahudumia shabaha ya saba? Hapo ndipo nilipokwama nikiandika hotuba hii. Nikisema ukweli wangu, namwaibisha mzee siku tuliyokuja kumuenzi. Asubuhi ya leo nilikuwa kule jikoni nikiifuta sehemu hii kwa mara ya nne, nikasikia buti ukumbini, moja ikiburutwa. Wote mnazijua buti zile. Nikaisukuma karatasi chini ya sinia la biskuti zetu za biskochito. Zikakaribia mlango. Nikafikiria: je, nitaficha karatasi mpaka lini, kwa mtu aliyesimama mbele ya jimbo zima akaomba sifuri? Nikaitoa, nikaiweka mezani, nikaiacha.

Akaisoma akiwa ameishika mbali, mkono umenyooka. Alichukua muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikuta tundu lisilo na kiraka kwenye kumi, nikasema ndilo hilo. Sikuangalia kama ni jipya."

Nikamwambia, "Don Prudencio, nitairuka sehemu yako."

"Uiruke kwa nini? Umewaambia watu naacha kazi ya handakini kwa sababu ya magoti?"

"Ndiyo."

"Futa. Magoti yangu mazima, mguu huu nauburuta tangu ujana. Ni macho. Wasomee na hilo." Akachukua biskochito mbili. "Na usome kwa sauti, binti yangu. Si kwa wale panya wa jikoni."

Ndugu wageni waalikwa, mtu wa namna gani anaomba kosa lake lisomwe kwenye sherehe yake mwenyewe? Ni yule yule wa mwaka tisini na tatu. Miaka thelathini na mmoja amekuwa macho yetu, na siku macho hayo yalipochoka, ametuambia mwenyewe. Mimi sijui sifa kubwa kuliko hiyo.

Bwana Wilfredo, ulisema kweli. Naomba uniwie radhi, na jina lile kuanzia leo ni langu.

Ignacia, kikombe kiko hapa mezani, nimekisugua. Barua ya kuiachia nafasi ya Julai anayo Mama Mwenyekiti. Kama hutaki kuongea nami, nitaelewa. Kama utahitaji mtu wa kukubandikia viraka ukifanya mazoezi, najua kubandika.

Don Prudencio, sikuwahi kuitamka ulivyonifundisha. Naitamka leo, mbele ya watu wote, na nimeinua macho: nane. Nilipiga nane.

Asanteni kwa kunivumilia mpaka nikaimaliza.