Kupimwa Urefu Kila Jumatatu

Watu wa Tampere, mji wa Finland, hawaongei na wasiowajua ndani ya tramu, treni ya mitaani, kwa hiyo baba aliyekaa mbele ya Venla alipomwambia bibi wa kando yake, "Naenda kugombana na nesi wa shule," Venla alizima muziki masikioni mwake.

"Kakosa nini?" bibi akauliza.

"Kila Jumatatu anampima mwanangu urefu. Nilidhani wanaona hakui. Kumbe mtoto mwenyewe ndiye anayeomba. Akishasimama ukutani anaanza kueleza yaliyomo moyoni. Tangu mama yake afariki, mimi haniambii kitu, nesi anaambiwa yote. Leo nataka hayo mambo yaishe."

"Sisi utotoni tulikuwa tunaomba plasta," bibi akasema. "Kidole kizima kabisa, na nesi anakufunga bila kukucheka. Wetu alinifunga vidole vyote kumi kabla sijamwambia kwamba baba ananipiga."

Venla alimpenda nesi huyo papo hapo.

"Mimi simpigi mtoto, mama."

"Sijasema unampiga. Nasema kapata pa kwenda."

Baba akamgeukia bibi. "Kwa nini asije kwangu?"

"Labda anakuonea huruma. Kwani wewe usiku unalala?"

Tramu ikasimama mbele ya shule, naye baba akainuka, akafika mlangoni, akageuka. "Sasa huyo nesi nikamwambie nini?"

"Mwombe na wewe akupime."

Alishuka bila kucheka, na mlango ukafungwa nyuma yake.